Usilipie hiyo darubini ya EQ kama unakaa Mtwara au Lindi

Mkuu, usilipe. Kama umeshamtumia muuzaji advansi, mpigie sasa hivi airudishe, halafu uje usome.

Umeuliza kama darubini ya kioo cha milimita 130 yenye stendi ya EQ (ya kiikweta, ambayo mhimili wake mmoja unaelekezwa kwenye ncha ya anga ili darubini ifuate nyota zinavyozunguka) inamfaa mtu wa Masasi mwenye hela ya korosho mkononi, uende wapi upate giza la kweli, na utegemee kuona nini. Mimi nilipofika kwenye "stendi ya EQ" tu tumbo likanikata. Ndiyo hiyohiyo niliyonunua mimi, tena kwa malipo ya korosho, na mama watoto mpaka leo anaiita "lile bomba lako".

Muuzaji wangu wa Dar aliniambia stendi za kusukuma juu na chini, kushoto na kulia, ni za watoto wa shule, EQ ndiyo ya kitaalamu. Nikamwamini kwa sababu alikuwa na miwani. Baadaye nilipompigia kumuuliza mhimili unaelekezwa wapi, akasema "soma kitabu, boss", akakata.

Kitabu nacho! Hatua ya kwanza: elekeza mhimili kwenye Polaris, Nyota ya Kaskazini. Hayo yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Huku kusini kwetu tuko karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo Polaris iko kama nyuzi 10 chini ya upeo wa macho, usiku wote, mwaka mzima. Ningeiona labda kwa jembe. Sikujua. Nilikaa ufukweni Msimbati nikaipata "nyota" moja ya chini upande wa kaskazini, nikakaza boliti zote kwa fahari, mpaka nyota yenyewe ikapiga kona. Kumbe wavuvi na taa yao.

Utasema basi tumia ncha ya kusini. Nyota iliyo karibu na ncha hiyo ni Sigma Octantis, ya mng'ao 5.4, yaani hata kwenye giza totoro jicho linaitafuta kwa kubahatisha. Na kwetu iko nyuzi 10 tu juu ya upeo, palepale penye unyevu wa bahari, au moshi wa mashamba yanayochomwa ukiwa huko bara kwenu.

Hayo ni ya nyota, sikia sasa ya chuma. Mhimili wa EQ unatakiwa uinuke kwa nyuzi sawa na latitudo yako. London ni kama 51, umesimama vizuri. Kwetu ni 10, yaani umelala karibu chali. Kipimo cha stendi yangu kiliishia 20. Nikachomekea matofali chini ya mguu mmoja (usicheke, na wewe ungefanya). Ikakubali kulala, lakini fimbo yenye vyuma vya kusawazisha ikawa inagonga mguu wa stendi kila nikigeukia upande fulani wa anga, na uzito wote ukahamia upande mmoja. Kusi likavuma mara moja tu. Stendi ikaenda chini na bomba lake, gia zikang'oka meno. Zaidi ya nusu ya hela niliyolipa ilikuwa ya hicho chuma, na kilichobaki nimekifanya kizuizi cha mlango wa stoo.

Kioo kilinusurika. Hapo ndipo fundi seremala wa mtaani kwetu alipofanya kazi ambayo mwenye miwani alishindwa: sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya ubao, bomba linainuka na kushuka katikati yake. Mtindo huo ulienezwa na John Dobson, aliyekuwa mtawa kule San Francisco, akisogeza darubini zake barabarani ili wapita njia waone Mwezi. Kioo ni kilekile cha milimita 130, ila sasa naona! Kwa ukuzaji wa mara 100 hivi, nyota iliyo juu ya ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) inakata uwanja wa nusu nyuzi kwa dakika mbili. Unasukuma kwa kidole, unaendelea na chai.

Kwa hiyo hela yako iende kwenye upana wa kioo, stendi iwe sanduku. Ukipata Dobson ya milimita 150 kwa bei ya hiyo EQ ya 130, chukua ya 150. Ukikosa, nunua bomba peke yake umpelekee seremala. Muuzaji akikuambia EQ inafuata nyota yenyewe, muulize inafuata ikielekezwa wapi, halafu sikiliza kimya kitakachofuata.

Ukiona boksi la darubini dukani limeandikwa "mara 675", pita tu. Hiyo ni fokasi (umbali ambao kioo kinakusanyia mwanga) ya milimita 900 imegawanywa kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, ikazidishwa mara tatu kwa kilenzi cha plastiki. Kikomo chenye maana ni kama mara mbili ya milimita za kioo, basi. Na kile kichujio cheusi cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kivunje kwa nyundo siku unayofungua mzigo. Kinapata joto, kinapasuka, na jicho linaenda.

Giza: panda Newala, upande wa Shimo la Mungu, usiku usio na mwezi. Mei na Juni mapema usiku tafuta Omega Centauri upande wa kusini, lundo la mamilioni ya nyota ambalo wazungu wa kaskazini mwa Ulaya wanalisoma vitabuni tu. Alpha Centauri nayo itagawanyika iwe nyota mbili.

Kabla ya chochote, weka hapa picha ya stendi ya hiyo unayouziwa, ubavuni penye kipimo cha latitudo. Nataka kuona namba ndogo kabisa iliyoandikwa pale.