Kubadilishiwa dawa ya kifafa dukani: yaliyotukuta mimi na kijana wangu

Dada uliyeuliza kama mdogo wako aache kabamazepini kwa kuwa famasia wamempa boksi la kampuni nyingine: asiache. Ukikatisha dawa ya kifafa ghafla, mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hali hiyo inaua. Ameze alizonazo, kesho mwende kliniki na maboksi yote mawili.

Mimi ni mama wa kijana mwenye kifafa, tunaishi Tanga. Alikuwa amemaliza miaka mitatu hajaanguka. Siku moja dawa yake, kabamazepini hiyohiyo, iliadimika, muuzaji akanipa ya kiwanda kingine. "Mama, ni ileile." Nikasoma: jina lenyewe, miligramu zilezile. Nikalipa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tuko kwenye chai. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono ukapita pembeni. Akajaribu tena. "Mama, kipi ni changu?" Mezani kilikuwepo kimoja tu. Wiki iliyofuata, alfajiri kabla ya dozi, akaanguka.

Nilifika kliniki nikizilaani dawa za jeneriki, yaani zile zinazotengenezwa na viwanda vingine baada ya hataza ya mgunduzi, yaani haki yake ya kuitengeneza peke yake, kuisha. Daktari akayapanga maboksi mezani akanionyesha: hata ile ya zamani, iliyomtunza miaka mitatu, ilikuwa jeneriki! Tofauti ni kwamba ya zamani ilikuwa ya kuachia dawa taratibu, mpya ya kawaida. Ya kawaida hupanda haraka kwenye damu, ndiyo maana aliona viwiliviwili, kisha hushuka mapema, na alfajiri kinga inakuwa imepungua.

Kwa hiyo usiogope jeneriki. Wengi wetu tusingemudu matibabu bila hizo. Cha kuogopa ni kurushwarushwa leo kiwanda hiki, kesho kile, bila daktari kujua. Na si dawa zote za kifafa ziko sawa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri kwamba anayetumia kabamazepini, fenitoini, fenobabito au primidoni abaki na ya mtengenezaji mmoja. Kwa levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, haikuona haja hiyo. Fenitoini ndiyo yenye hila zaidi, dozi ikizidi kidogo tu kiwango kwenye damu kinaweza kuruka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Australia kiwanda kilibadilisha unga wa kujazia tu, fenitoini yenyewe kiasi kilekile, lakini iliyoingia kwenye damu ikazidi, na wagonjwa wakalewa dawa.

Halafu kuna unyevu, sisi wa pwani tusikie. Kabamazepini ikivuta unyevu, kidonge hukakamaa na kinaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake. Mimi nilikuwa naziweka jikoni, karibu na jiko la kupikia! Sasa zinakaa kabatini chumbani, kwenye boksi lake, na boksi tupu naenda nalo famasia siku kumi kabla hazijaisha, ili nikikosa aina yake nipate muda wa kumpigia daktari.

Kabla mdogo wako hajameza ya usiku, tazama kama boksi moja lina herufi CR au neno retard, yaani ni ya kuachia dawa taratibu, na jingine halina. Kama moja linalo na jingine halina, mpigie daktari usiku huuhuu. Na akianza kuyumba au kuona viwiliviwili, msingoje kesho, mpelekeni hospitali.