Jibu: Nani hulipwa zawadi ya kumfichua mkuu wa genge la dawa za kulevya?

Ndugu, umeuliza kama askari wa Mexico waliomkamata Rafael Caro Quintero, mkuu wa genge la dawa za kulevya, walistahili zile dola milioni 20 zilizotangazwa na Marekani kwa atakayetoa taarifa za kumkamata. Hapana. Kwa mujibu wa mpango wa Marekani wa zawadi kwa taarifa za wauza dawa za kulevya, ulioanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986, watumishi wa serikali, wawe Wamarekani au wageni, hawalipwi kwa taarifa walizozipata wakitekeleza majukumu yao. Anayelengwa ni raia, tuseme dereva au jirani, ambaye jina lake hufichwa. Tena "hadi milioni 20" ni kikomo tu, si ahadi. Isitoshe, Julai 2022 aliyemfichua Caro Quintero vichakani kule jimboni Sinaloa, Mexico, alikuwa mbwa wa jeshi la wanamaji aitwaye Max, naye pia, maskini, ni mtumishi wa serikali.