Kabla hujafunga turbo kwenye injini ndogo

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kazi kwetu Industrial Area huanza na swali lilelile: turbo na supachaja, hivi vifaa vya kusukumia injini hewa zaidi, ipi bora? Nalijibu haraka. Supachaja huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo ukikanyaga tu unaisikia, ila mkanda huo unakula sehemu ya nguvu yenyewe. Turbo huzungushwa na moshi ambao ungepotea bure, lakini huchelewa kidogo kuamka. Nissan waliwahi kufunga vyote viwili kwenye March ya cc 930. Mkiletewa hiyo, mniite nami nije nishangae.

Mimi ningependa waanze kuuliza kuhusu hewa. Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama baa 0.83, na Mombasa ni 1.01. Ndiyo maana gari dogo lisilo na turbo huhema likipanda Limuru. Sasa, ile geji tunayobandika kwenye dashibodi hupima presha iliyozidi hewa ya nje tu. Ikisoma 0.5 hapa, injini inapokea 1.33. Gari lilelile likiteremka Mombasa, sindano ikiwa palepale kwenye 0.5, injini inapokea 1.51, tena katika joto la pwani.

Mimi hilo nililijua kwa hasara. Nilimfungia mteja turbo kwenye Probox ya 1NZ, injini iliyotoka kiwandani na kompresheni ya 10.5, yaani silinda huubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara kumi na nusu. Tukaijaribu Thika Road, ikaenda vizuri mno. Wikendi ile mteja akaenda pwani na familia, Jumapili akanipigia simu: gari linatetemeka na linatoa moshi. Lilirudi Nairobi juu ya lori. Tulipotoa silinda hedi na kuchomoa pistoni ya tatu, ukingo ulio kati ya ringi ulikuwa umemegeka, kipande kama punje ya mahindi. Injini ilikuwa imegonga njia nzima, yaani petroli ikijilipukia yenyewe kwa presha na joto, na redio ikiimba. Toyota wenyewe walipoweka turbo kwenye injini ya 1.3 ya Starlet, walishusha kompresheni hadi 8.2. Siku hizi mteja wangu hujibu kwanza kama atasafiri, halafu ndipo tunaongea bei.

Intakula ya kupoza hewa, plagi za baridi zaidi, petroli ya kutosha kwenye nozeli: hayo mtafundishwa na kila fundi, siyarudii.

Lakini mchunguze bomba la kurudisha oili. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na beringi zake huelea juu ya oili. Oili hiyo haisukumwi kurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inateremka kwa uzito wake tu, kwa hiyo bomba liwe pana na lisipinde kwenda juu popote. Niliwahi kuona moshi wa buluu kwenye gari nililolifunga juzi yake, nikamwambia mteja sili zimekufa, nikanunua turbo nyingine kwa pesa zangu. Moshi ukabaki vilevile. Ndipo nikainama chini na tochi, nikaona mpira umejikunja nyuma ya mabano, oili imejaa hadi juu haina pa kwenda. Turbo ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote. Mpaka leo iko kwenye rafu, imefungwa kwa gazeti.