Jibu: boti ya alumini inaliwa ikiwa gatini na chaja imechomekwa

Ndugu uliyeuliza: boti yako ya alumini inalala kwenye gati la chuma upande wa Entebbe, chaja ya betri imechomekwa wiki nzima, anodi za zinki (vipande vya madini vinavyofungwa ili viliwe badala ya boti) ziko karibu kama zilivyotoka dukani, ila mguu wa injini umejaa vishimo vyenye unga mweupe. Umeshauriwa ukate waya wa ardhi kwenye kebo. Nianze na hapo: usiukate.

Waya huo wa kijani na njano ndio unaobeba hitilafu hadi breka iruke. Ukishaukata, siku chaja itakapovujisha umeme kwenye bodi, boti nzima inabaki na volti 240 na umeme hauna pa kushukia ila ziwani. Baharini maji hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo mkondo mwingi humpita pembeni. Ziwa Viktoria ni kinyume. Upitishaji wa maji yake ni kama maikrosimensi 100 kwa sentimita, wakati bahari ni karibu 50,000. Katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kama hayo, mwili wa mwogaji ndio njia rahisi. Misuli inakakamaa, anazama kimya. Na pembeni mwa magati yetu watoto huoga kila jioni.

Sasa kwa nini inaliwa. Alumini yako na chuma cha gati viko ndani ya maji yale yale, na waya wa ardhi unaviunganisha huku juu. Hiyo tayari ni betri, na kuliwa kwa namna hii ndiko kunakoitwa galvani. Alumini ndiyo dhaifu, basi inatoa madini yake kukilinda chuma cha gati, na propela ya shaba ya jirani pia kama amechomeka kwenye laini hiyo. Wengi huzima swichi ya soketi wakidhani wamemaliza, lakini swichi haikati ardhi. Mpaka plagi ichomolewe, kuliwa kunaendelea.

Pima kabla ya kununua chochote. Zima breka ya gatini, chomoa kebo upande wa boti, acha upande wa gati umechomekwa. Hakikisha kwanza kwa mita, kwenye AC, kwamba hakuna umeme kati ya pini yoyote na nyingine. Halafu weka mita kwenye volti za DC: waya mwekundu kwenye chuma kitupu cha boti (kwaruza rangi mpaka king'ae), mweusi kwenye pini ya ardhi ya kebo. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, mfano -0.3, boti yako ndiyo inayoliwa. Hamisha mita kwenye miliampea, uguse pale pale. Miliampea 100 zikipita mwaka mzima huondoa karibu gramu 290 za alumini, na hazitoki sawasawa kila mahali. Hutoka pale rangi ilipobanduka, ndiyo maana unaona mashimo. Ukikuta volti zaidi ya 1.2, au mkondo unaokaribia ampea nzima, hiyo si galvani tena. Kuna waya wa volti 12 unaovuja, na wa kwanza kushukiwa ni wa pampu ya kutolea maji, kwa kuwa viungo vyake hulala majini. Huo hutoboa kwa siku chache, na dawa ninayoeleza hapa chini haiuzuii.

Dawa ya galvani ni aisoleta. Ndani yake kuna daiodi (vali za umeme, kila moja hupitisha upande mmoja tu) mbili mfululizo kwa kila mwelekeo. Kila daiodi huhitaji kama volti 0.6 kabla ya kufunguka, kwa hiyo volti ndogo za galvani hugonga mlango na kurudi, lakini hitilafu ya volti 240 hupita moja kwa moja na breka inaruka. Chagua ya ampea 16 au zaidi kulingana na breka ya gatini, na iwe ya aina ambayo ikiungua hubaki imeunganika, si kukatika. Ifungwe kwenye waya wa ardhi tu, mara baada ya kebo kuingia botini, kabla ya tawi lolote. Ukiacha njia ya pembeni umepoteza fedha: kebo ya pili, waya wa antena ya televisheni, hata mnyororo wa chuma unaogusa boti na gati.

Ipime kila baada ya miezi sita, plagi ikiwa nje: mita kwenye alama ya daiodi, pande zote mbili, ukisubiri kidogo kapasita (kihifadhi chaji) iliyo ndani ijae. Karibu 0.9 hadi 1.2 ni nzima. Sifuri maana yake imeungua na haizuii tena. Isipoonyesha njia kabisa, boti haina ardhi, usichomeke. Aisoleta au hakuna, weka breka ya RCD (inayokata umeme mara unapovuja) ya miliampea 30. Boti kubwa ya chuma inayokaa na umeme mwezi mzima inastahili transfoma ya kutenganisha (hupitisha umeme bila waya wa boti kuungana na wa gati), ila hiyo afunge fundi umeme anayeijua.

Kuhusu anodi: zinki ni ya bahari. Katika maji yetu hujivika gamba gumu na kulala usingizi, ndiyo maana zako hazijapungua. Weka za magnesi (madini ya magnesiamu, si sumaku). Maziwa ya Albert na Edward yana chumvi nyingi zaidi kuliko Viktoria, magnesi huisha upesi huko, kwa hiyo kagua kila mwezi na ubadilishe ikifika nusu. Isipakwe rangi, na mahali inapokaa pakwaruzwe mpaka chuma. Msichukue anodi ya alumini iliyoyeyushwa kutoka masufuria huko Katwe, mtaa wa mafundi Kampala. Mafundi wale ni hodari, lakini alumini ya kawaida hujifunika utando wake yenyewe. Alumini ya anodi huchanganywa zinki na indiamu ili utando huo usishike.

Na kama kazi yote ya umeme huo ni kujaza betri moja ya ampea-saa 100, mimi ningeacha kebo kabisa. Paneli ya sola ya wati 100 na kidhibiti chake vinaitosha betri inayokaa bila kazi nyingi, na hakuna waya wowote unaoifunga boti na gati. Hapo kebo inabaki ya kutumia saa chache unapofanya kazi ndani, kisha unachomoa.