Umetolewa jeshini kwa sababu za kiafya? Maswali yenu na majibu

Bodi ya madaktari imeshasema siwezi kuendelea, nangoja barua tu. Nifanye nini saa hizi?

Afande usikae kungoja barua. Ukiwa bado ndani faili lako liko mlango wa pili, ukitoka litakuwa stoo na kulifuatilia ni mbinde. Chukua kopi ya kila kitu, ripoti ya siku ulipoumia, eksirei, list ya dawa, na majibu ya kupima masikio. Masikio nayasisitiza maana watu wanaandikisha goti na mgongo wanasahau risasi na milipuko, halafu baadaye kichwani kuna mlio hauishi na kwenye faili hamna kitu, sasa hapo kuthibitisha kwamba umetoka nao kazini utasota.

Mume wangu amekatwa mguu chini ya goti. Usiku analalamika vidole vinamuuma, vya mguu ambao haupo! Kachanganyikiwa?

Hapana dada, na tafadhali usimwambie hivyo. Ubongo wake bado unautambua ule mguu, na maumivu anayoyasikia ni ya kweli kabisa. Kuna zoezi la kioo, anakisimamisha katikati ya miguu ule mzima ukiwa upande wa kioo, anakunja na kukunjua vidole taratibu huku anatazama, ubongo unaona kama miguu yote miwili iko sawa. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata, aanze na mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo. Pia mguu wa bandia ukianza kupwaya msishtuke, miezi ya mwanzo kile kisiki kinapungua, anaongeza soksi na kurudi kwa fundi kurekebishiwa, asiendelee kutembea nao unamchubua akijifanya komando.

Sivii yangu yote ni jeshi. Nani ataniajiri?

Tatizo umeandika vyeo. Mtu wa ajira akisoma "kamanda wa seksheni" anaona bunduki tu, hajui kwamba ulikuwa unasimamia watu, unapanga zamu, unawafundisha wapya na ripoti unaandika wewe. Andika hizo. Ulikaa stoo ya silaha? Basi umeshika mali nyeti, unahesabu, unasaini, unakaguliwa, wafanyabiashara wanalilia mtu wa hivyo. Ila vyeti vya ufundi vya jeshini uliza mapema kama uraiani vinatambulika, sio kila mahali.

Kijana wangu tangu arudi anajifungia chumbani, mlango ukibamizwa anaruka. Ni tabia au ugonjwa?

Mama, inafanana sana na PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaompata mtu baada ya kupitia mambo ya kutisha, ila atakayesema kwa uhakika ni daktari. Ni ugonjwa na uko kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani tangu 1980, kabla ya hapo wanajeshi wengi waliitwa waoga tu. Unatibika, hasa kwa tiba ya mazungumzo na mtaalamu aliyesomea. Yale ya "we si mwanajeshi bwana, jikaze" yaacheni. Na akianza kuongelea kufa, silaha na dawa ziondoeni karibu na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.

Natumia kiti cha magurudumu. Michezo ndo basi?

Wapi! Dokta Ludwig Guttmann mwaka 1948 aliwashindanisha wanajeshi waliopooza kurusha mishale wakiwa kwenye viti, hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na Paralimpiki zimetokea hapohapo. Uliza hospitali iliyokutibu kama wana timu ya basketi ya viti, ukienda nenda na glavu, viganja vitawaka moto.