Arnhem 1944: vifaru au ratiba ya ndege?

Swali: Shikamoo afande. Kila nikisoma habari za Operesheni Market Garden, mpango wa Washirika wa kuteka madaraja ya Uholanzi kwa askari wa miavuli ili jeshi la nchi kavu livuke mto Rhine, naambiwa askari wa miavuli wa Uingereza walishindwa Arnhem kwa sababu waliangukia vifaru vya SS, jeshi la chama cha Nazi. Bila vifaru hivyo wangefaulu? Na kushindwa kule kulileta nini?

Jibu: Marahaba. Vifaru vilikuwepo kweli, mabaki ya Divisheni za 9 na 10 za SS. Lakini mimi lawama naanzia Uingereza, viwanjani, kabla mtu hajaruka.

Ndege za kubeba askari hazikutosha. Makamanda wa anga wakakataa safari mbili kwa siku, wakihofia marubani kuchoka na ndege kukosa matengenezo. Divisheni ya miavuli ya Uingereza ikapelekwa kwa mafungu. Tena, kwa kuogopa mizinga ya kutungulia ndege, wakaishusha kilomita 10 hivi kutoka daraja la Arnhem juu ya Rhine, walilotakiwa kuliteka. Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Waliotua tarehe 17 Septemba, sehemu kubwa ilibidi ibaki kulinda viwanja vya kushukia wenzao wa kesho yake. Ni brigedi moja tu iliyoelekea darajani, redio zenyewe hazisikilizani. Waliofika ni 700 na kitu, chini ya Luteni Kanali John Frost, na walishikilia ncha ya kaskazini hadi tarehe 21. Faida ya mwavuli ni kumshtukiza adui. Hawa walimpa siku nzima ya kujipanga. Bila vifaru Frost angedumu zaidi, sawa, lakini jeshi la nchi kavu lilikuwa likija kwa barabara moja ya kilomita kama 100, na daraja la Nijmegen, lililo kwenye barabara hiyo kabla ya Arnhem, lilitekwa tarehe 20 jioni tu.

Kati ya askari 10,000 hivi walioingia Arnhem, kama 2,400 tu ndio waliovushwa Rhine kurudi. Nguvu zikiwa zimeelekezwa Arnhem, bandari ya Antwerp huko Ubelgiji, iliyotekwa tangu tarehe 4 Septemba, ikakaa bila meli za shehena hadi mwishoni mwa Novemba, maana mdomo wa mto Scheldt, njia ya meli kuingia bandarini, ulikuwa bado wa Wajerumani. Jenerali Sosabowski, kamanda wa brigedi ya miavuli ya Poland katika operesheni hiyo, aliyeutilia shaka mpango mapema, ndiye aliyevuliwa ukamanda!

Walioumia zaidi ni raia. Serikali ya Uholanzi iliyokuwa London iliwaagiza wafanyakazi wa reli wagome ili kusaidia operesheni. Wajerumani wakazuia chakula kwenda miji ya magharibi. Walipolegeza, mifereji ikaganda kwa baridi. Watu wapatao 20,000 walikufa kwa njaa. Arnhem ilikombolewa Aprili 1945.