Maswali na majibu: Pampu haikulia, sukari ikafika 19

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, walioacha sindano hivi karibuni na kuanza pampu ya insulini, kimashine kinachoingiza insulini mwilini kupitia mrija na kanula, yaani kijibomba laini kinachokaa chini ya ngozi. Dozi za mtu sizipangi hapa. Hizo mpangiwe na daktari anayewajua.

Nina wiki ya tatu na pampu. Juzi nilibadilisha kanula saa nne usiku, nikalala. Alfajiri nimeamka na sukari 19, kichefuchefu, mdomo mkavu. Pampu haikulia hata mara moja. Imeharibika? (Dada wa Tabata, Dar es Salaam)

Pole sana, dada. Pampu yako huenda ni nzima kabisa. King'ora cha kuziba hutegemea msukumo ndani ya mrija: insulini ikikosa pa kupita, msukumo unapanda, pampu inalia. Lakini kanula ikichomoka kidogo na insulini ikawa inavujia chini ya plasta, hakuna msukumo unaopanda. Pampu inahesabu kwamba imetoa, kumbe wewe hujapata kitu. Hata ikiziba kweli, dozi ya msingi ya usiku hutoka kidogo kidogo, hivyo saa kadhaa zinaweza kupita kabla haijalia. Inuse plasta. Insulini ina harufu ya dawa, ile ya wodini. Ukiisikia kwenye nguo au kiunoni, jibu umelipata.

Hapa ndipo pampu inapoachana na sindano. Ile insulini ya muda mrefu uliyokuwa unachoma ilikaa mwilini mchana kutwa na usiku kucha. Hata ukisahau dozi ya chakula, akiba ilikuwepo. Pampu hutumia insulini ya haraka peke yake. Ikikatika, baada ya saa chache mwili hauna kitu, na ketoni, yaani asidi zinazotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, zinaanza kujaa kwenye damu. Kliniki huwa wanalisema hili siku ya kwanza, siku ambayo kichwa cha mtu kimejaa vitufe na menyu, na halikai.

Kwa hiyo sukari ikizidi 14 bila sababu unayoijua (250 kwa mashine zinazosoma miligramu), pima ketoni. Kama hazipo, jipe dozi ya kurekebisha kwa pampu, kisha pima tena baada ya saa moja. Isiposhuka, acha kuibembeleza mashine: jichome kwa kalamu ya insulini au bomba la sindano kama ulivyoelekezwa kliniki, halafu badilisha kanula, mrija na insulini iliyomo. Ketoni zikiwepo, usiingoje hiyo saa moja: nenda moja kwa moja kwenye sindano na kanula mpya. Ukitapika, nenda hospitali usiku huo huo. Kalamu ikae kwenye pochi kila siku, hata ukienda sokoni tu. Na kanula ibadilishe asubuhi au mchana, ili saa mbili tatu zinazofuata uwe macho uone kama inafanya kazi.

Wanga nahesabu sawasawa. Nikila biriani saa nane mchana, saa kumi sukari ni 7, nafurahi. Magharibi niko 15. Nakosea wapi? (Kaka wa Maskati)

Hesabu yako ni sahihi, ila biriani ina mafuta, na mafuta huchelewesha wanga tumboni. Insulini inawahi kufika, inamaliza kazi yake, ndipo chakula kinapoingia kwenye damu. Wali wa nazi na chapati za kusukuma zina tabia hiyo hiyo. Pampu nyingi zinaweza kugawa dozi: sehemu unajipa unapoanza kula, iliyobaki inatoka taratibu kwa saa mbili au tatu. Mwambie daktari wako akupe mgawo wa kuanzia, kisha jaribu chakula kile kile mara kadhaa huku ukiandika namba. Usibadilishe chakula na mgawo kwa wakati mmoja, hutajua kilichosaidia.

Mwanangu ana miaka tisa, tunakaa Mombasa. Joto hili haliharibu insulini iliyo kwenye pampu? (Mama wa Kisauni)

Linaweza, mama. Chupa inayotumika isizidi nyuzi 30, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita hapo upesi sana. Akienda kuogelea, chomoa pampu, ifunge kwenye kitambaa, iweke kivulini, isiguse barafu. Na asikae bila pampu zaidi ya saa moja. Sukari ikianza kupanda bila sababu siku za joto kali, mwaga iliyomo ujaze mpya. Jambo jingine: usijaze insulini iliyotoka kwenye friji sasa hivi. Ikipata joto mle ndani inatoa viputo, na kiputo kwenye mrija ni dozi ambayo mtoto hakuipata.

Nimeolewa juzi. Usiku naifanyaje? (Bi harusi, jina kapuni)

Hongera! Ichomoe, iweke mezani. Kisha irudishe kabla usingizi haujawapitia, maana hapo ndipo wengi wanapojisahau. Bwana naye ajue inavyorudishwa.

Shemeji yangu Marekani amepata pampu iliyotumika, anataka kunitumia bure. Nipokee? (Kijana wa Arusha)

Kabla ya kushukuru, uliza vifaa vyake utavipata wapi na kwa bei gani. Kanula hubadilishwa kila siku mbili au tatu, yaani 10 hadi 15 kwa mwezi, na vichupa vya pampu moja kwa kawaida haviingii kwenye nyingine. Nimeona pampu nzuri zikilala kabatini kwa sababu boksi la kwanza la kanula liliisha na la pili halikuja. Kalamu mbili zinazopatikana mwaka mzima ni tiba bora kuliko hiyo. Kama vifaa vipo na daktari wako anaijua aina hiyo, ipokee, lakini akusaidie kufuta mipangilio yote ya aliyeitumia kabla haijaunganishwa na mwili wako.